Klauni aliyevuka chandarua

Saa kumi na mbili na nusu jioni, Ijumaa ya katikati ya Oktoba 2019. Jua la DeSoto, kusini mwa Dallas, linateremka nyuma ya mapaa. Fébronie Bukuru yuko juu ya ngazi, pini zimebanwa mdomoni, anafunga pembe ya chandarua cheupe kwenye tawi la mwaloni.

Chandarua hiki si cha kukinga mbu. Giza likiingia, projekta iliyofichwa kwenye maua itakimulika, na hewani, katikati ya miti miwili, atatokea klauni: mchekeshaji wa sarakasi mwenye pua nyekundu na uso uliopakwa nyeupe. Ila huyu hachekeshi. Anasimama, anakutazama, anainamisha shingo polepole kama anayekutambua. Kisha anakujia mbio, meno nje.

Ni pambo la Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo Wamarekani hupamba nyumba kwa vitisho na watoto hupita mlango kwa mlango wakiomba peremende. Mwenye nyumba hii, dereva mstaafu wa basi la shule, ndiye aliyemwita Fébronie. Mitaa mingine miwili inamsubiri.

Lakini macho ya Fébronie hayako kwenye chandarua. Yako kwenye dirisha la nyumba ya jirani, hatua chache nyuma ya miti.

Nyuma ya dirisha hilo, juu ya kitanda ambacho hakijalaliwa kwa mwaka mzima, ameketi bibi mmoja wa Kichaga. Ameacha pazia wazi kwa makusudi. Anamsubiri klauni.

"Akiniambia hapana, nateremsha kila kitu leo leo," anasema Fébronie, akiitoa pini ya mwisho mdomoni. "Si hapa tu. Kila mahali. Niliapa mbele yake, na siwezi kumwapia mama mtu mzima halafu nikageuka."

Fébronie ana miaka thelathini na sita, ni mama wa watoto watatu. Alizaliwa na kukulia katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, kwa wazazi waliokimbia Burundi. Kiswahili chake ni cha Tanzania, Kirundi anacho cha nyumbani, na Kiingereza, anavyosema mwenyewe, alikiokota njiani. Yeye na mumewe Vénant walifika Fort Worth mwaka 2008, mtoto wa kwanza mgongoni.

Tangu hapo kazi yake ni kufua. Ni mfuaji katika hoteli moja ya katikati ya mji, chumba cha chini kisicho na dirisha, mashine zinanguruma kutwa na dawa ya kung'arisha mashuka inamkereketa kifua. Anapofika nyumbani, binti yake mdogo, Ella, humnusa na kumwambia ananuka bwawa la kuogelea.

Ilikuwa humo chumbani, Oktoba 2017, klauni alipomfuata.

Hoteli ilikuwa na sherehe. Gichuki, Mkenya anayepanga kumbi za hoteli hiyo, alishuka na shuka la kumulikia picha mkononi akalalamika kwamba limekunjamana, klauni wake ana makunyanzi kama babu. Fébronie alilipiga pasi. Gichuki akarudi: bado. Akalipiga tena. Aliporudi mara ya tatu, Fébronie alimuuliza kwa nini asitumie chandarua.

Gichuki alicheka mpaka akashika mlango. Alimuuliza kama klauni ana malaria.

"Lakini mimi nilikuwa nimeona," anasema Fébronie.

Aliyaona kambini, akiwa mtoto. Watu wa afya walikuja na jenereta wakaonyesha filamu za kunawa mikono, kwenye shuka lililofungwa kati ya miti miwili. Uwanja ulijaa, watoto wakaambiwa wakae nyuma, kule picha zinakotokea kinyume. Jioni moja upepo ulilichana shuka. Mtu akaleta vyandarua, vikaungwa. Muuguzi wa kwenye filamu aliponawa mikono, alinawa hewani, bila kitu nyuma yake, maji yanamtiririka kwenye giza tupu. Watoto walikimbia. Fébronie hakukimbia.

"Nilimsogelea nikamshika mkono," anasema. "Nikashika wavu."

Gichuki alijaribu, kwa kumridhisha tu. Aliporudi chini hakuwa anacheka. Alimwita mama kwa Kisheng cha kwao: "Mathe, hiyo net imeweza. Mgeni mmoja amemwaga kinywaji chote."

Wakawa wawili. Gichuki ana projekta na video, ambazo hununua mtandaoni. Fébronie anashona nyavu, anajua unene wa nyuzi, anajua mti upi na kimo kipi. Kwa nyumba moja yeye hupata karibu sawa na siku nzima ya kufua, na kwa wiki tano za msimu kifua chake hupumzika, maana hupunguza zamu hotelini.

Wapo waliomsema. Katika jumuiya yao ya Kikatoliki, mama mmoja alimuuliza mbele ya watu ni shetani gani anayemlipa. Vénant ndiye aliyejibu. Alisema shetani angelipa vizuri zaidi. Watu wakacheka, yakaisha hapo.

Yaliyotokea mwaka uliofuata, Oktoba 2018, hayakuishia kwenye kicheko.

Ilikuwa mara ya kwanza Fébronie kufanya kazi kwenye nyumba hii. Alichagua miti hii hii miwili. Chandarua kilikaa vizuri, upepo haukuwapo. Giza lilipoanza kushika, Gichuki akawasha, na klauni akasimama hewani safi kuliko wote waliowahi kuwafunga. Mwenye nyumba alipiga makofi barabarani, majirani wakatoka na simu zao.

Kosa lilikuwa lile lile lililowafanya wapendwe. Wafanyakazi wengine wa mapambo hutumia kitambaa kizito kinachounyonya mwanga wote. Chandarua hakinyonyi. Kinashika kiasi, kinachobaki kinapita kwenye matundu na kuendelea na safari yake. Kambini, nyuma ya wavu palikuwa na watoto, na nyuma ya watoto mashamba ya mihogo. Hapakuwa na ukuta wa kupokea mwanga. Fébronie hakuwahi kujua kwamba unaendelea.

Nyuma ya chandarua cha DeSoto kulikuwa na dirisha.

Humo ndani, Bibi Ndeshi alikuwa anavua viatu. Ni mjane wa miaka sabini na tatu kutoka Machame, aliyekuwa ameletwa Marekani miezi michache nyuma na mwanawe Sadock, muuguzi wa zamu za usiku. Taa ilikuwa haijawashwa. Sadock alikuwa chumba cha pili, amelala ili aamke kwenda kazini.

Ukuta ulio mbele ya bibi ukaota uso. Ulikuwa mkubwa kuliko kabati. Ukamtazama, ukainamisha shingo, ukamjia.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Angepiga kelele, Sadock angeamka. Bibi alichukua kanga yake, akapita mlango wa jikoni, akatoka peku.

Sadock alipoamka na kukuta viatu vya mama yake viko chini na yeye hayupo, alizunguka nyumba, akapanda barabarani, akawakuta watu wanaishangilia picha. Aligeuka na kumwona klauni. Kisha akafuata mwanga kwa macho mpaka dirishani kwa mama yake.

"Aliniangalia," anasema Fébronie. "Hakunitukana. Aliniuliza tu kwa Kiswahili, maana alinisikia naongea na Gichuki, 'Dada, umemwona mama yangu?' Nikajua."

DeSoto si mji wa kutembea. Mtaa wao unaishia kwenye barabara pana ambako magari hayapungui mwendo, na sehemu nyingine hakuna hata njia ya waenda kwa miguu. Bibi hakuwa na viatu, hakuwa na simu, hakuwa na neno la Kiingereza zaidi ya la kushukuru. Sadock alikimbilia upande wa bustani ya watoto yenye bembea. Gichuki alizima klauni, akaenda nyuma ya nyumba na tochi. Mwenye nyumba akapiga simu polisi, na Fébronie anakiri kwamba jambo hilo halikumtuliza. Alimwaza bibi anamulikwa tochi usoni, anaamriwa kwa lugha asiyoijua, na yeye anaingiza mkono ndani ya kanga, wao wadhani anatoa silaha.

Alifunga kwa nguvu mlango wa nyuma wa gari lake, uliokuwa wazi tangu waliposhusha vifaa. Ni gari kuukuu la familia, siti za nyuma zimeng'olewa, nyavu za akiba zimerundikwa humo hadi dirishani. Akawasha, akaondoka.

Aliendesha hadi barabara kuu. Akapita kituo cha mafuta, akashusha kioo, akaita. Akageuza. Kila kitu cheupe kilichokuwa pembeni mwa lami kilimshtua: mfuko wa plastiki, ndoo, mbwa. Lori likampita kwa kishindo, gari likayumba, na wazo likamwingia kwamba bibi yuko mahali fulani amesimama karibu na lori kama hilo. Akaongeza mwendo.

Simu ikaita. Alikuwa Gichuki, kuuliza. Fébronie hakuweza tena kujizuia.

"Gichuki, nimemuua mama wa watu," alisema, akilia. "Nimemuua kwa wavu wangu mwenyewe."

Nyuma ya shingo yake, kutoka gizani, sauti ikamjibu.

"Mama wa watu hajafa. Lakini punguza mwendo, mwanangu."

Gari lilipanda ukingo wa barabara likazimika. Leo Fébronie anaweza kulicheka. Siku ile alibaki ameshikilia usukani, hageuki, akiamini kabisa kwamba klauni alikuwa amejifunza Kiswahili. Simuni Gichuki alikuwa anaita, "Mama Ella? Mama Ella, nani huyo anaongea?"

Alikuwa Bibi Ndeshi, amekaa katikati ya nyavu, amejitanda moja kichwani.

Alieleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Alipotoka jikoni alikuta gari lenye mlango wazi. Kwenye siti ya dereva alikuta imetandikwa kanga, jinsi Fébronie anavyofunika siti iliyochanika. Bibi akaona amefika kwa watu. Alipanda nyuma akajifunika, akimsubiri mwenye kanga arudi. Gari lilipoondoka kwa kasi bila mtu kuongea, akaingiwa na hofu mpya, kwamba anayeendesha ni yule yule mwenye meno. Akanyamaza, akashika pumzi, kona baada ya kona, mpaka aliposikia dereva analia kwa Kiswahili.

"Nikasema, shetani halii namna hiyo," anasema Bibi Ndeshi. "Huyu ni mama wa mtu."

Waliporudi, Sadock alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kichwani, na gari la polisi linageuza kona. Fébronie alipiga magoti kwenye majani ya jirani. Alimwapia bibi kwamba hatamwasha mtu yule tena, hapo wala kwingine, mpaka yeye mwenyewe Bibi atakapomwambia.

Bibi alimwinua. Kuhusu klauni hakusema neno.

Alinyamaza mwaka mzima. Hakurudi kulala chumbani kwake. Alihamia sofa ya sebuleni, taa ikiwaka mpaka asubuhi, na Sadock alipoondoka kwenda zamu alimsikia akifunga mlango wa chumba kile kwa ufunguo. Aliacha kutoka jioni. Sadock alianza kufikiria kumrudisha Machame, akasema hawezi kumwacha mama peke yake kila usiku akilinda ukuta.

Fébronie hakuwasha kitu kwa muda uliobaki wa msimu ule. Wateja walimpigia, akawapa Gichuki. Lakini Jumapili baada ya misa alianza kupita DeSoto na ndizi mbichi, na wawili hao wakawa wanamenya na kupika mtori. Waliongea juu ya watoto, juu ya maziwa ya Marekani yasiyoganda, juu ya mama yake Fébronie aliyezikwa Kigoma. Hapo mezani klauni hakutajwa.

Hotelini, wakati huo huo, walikuwa wanabadilisha mapazia ya vyumba, yale mazito yenye mgongo wa mpira yanayoziba jua ili mgeni alale mchana. Ya zamani yalikuwa yanakwenda jalalani. Fébronie aliyaomba.

Aliyafungua mishono, akayaunga yakawa mawili makubwa, akayatia rangi nyeusi. Akayajaribu nyumbani kwa projekta ya Gichuki na picha ya ua, kwa kuwa klauni aliapa kutomwasha: wavu mbele, pazia nyuma kwa hatua kadhaa, Vénant ameketi chumbani na taa imezimwa akiamriwa aseme anachokiona. Alisema anamwona mke wake akihangaika. Wakahamisha, wakarudia, mpaka siku moja akasema haoni kitu, na ua huku mbele likiwa limesimama kwenye giza zuri kuliko mwanzo.

Hata hivyo Fébronie hakusema lolote kwa bibi. Hakuona kama ana haki ya kuomba.

Kisha Jumapili moja ya Septemba, wakiwa na visu mkononi, Bibi Ndeshi aliuliza bila kuinua macho, "Huyo mtu wako mwenye meno, mwaka huu haji?"

Fébronie alisema haji, labda Bibi atake.

Bibi alimaliza ndizi yake kwanza. "Mlete," alisema. "Lakini utakaa na mimi kitandani."

Ndiyo maana jioni hii Fébronie anateremka ngazi, anavuta mapazia meusi mawili nyuma ya wavu mpaka yakutane, anamwachia Gichuki projekta, na kuvuka majani hadi mlango wa jikoni wa jirani. Anapiga hodi ingawa mlango uko wazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umechelewa. Giza limeshaingia."

Chumba kina harufu ya chumba kilichofungwa. Sadock, ambaye leo ameomba ruhusa kazini, amesimama mlangoni, kidole karibu na swichi ya taa. Fébronie anaketi ukingoni mwa kitanda. Bibi yuko katikati, mgongo umenyooka, miguu haigusi sakafu. Safari hii amevaa viatu.

Wanautazama ukuta. Ni ukuta mweupe wa kawaida, na msumari usiotundikwa kitu.

Fébronie anainua simu. Anamwambia Gichuki, "Washa."

Nje, watoto wa mtaani wanapiga ukelele, kisha wanacheka. Klauni amefika. Ndani, ukuta unabaki ukuta. Fébronie anaanza kupumua.

Hapo upepo unapita.

Mapazia mawili yanaachana pale yalipokutana, na ufa wa mwanga unaingia dirishani. Ukutani, upande wa kushoto wa msumari, linatokea duara jekundu, kubwa kama sahani. Ni pua. Chini yake, nusu ya jino.

Mkono wa bibi unambana Fébronie juu ya kiwiko, kwa nguvu ambazo hakujua anazo. Sadock anasogeza kidole. "Mama, niwashe?"

Jino linaongezeka. Upepo ukizidi kidogo tu, uso mzima utaingia. Fébronie anafungua mdomo kumwambia Gichuki azime, ateremshe, waondoke, na tayari anawaza jinsi atakavyowapigia wale wa mitaa miwili.

Bibi Ndeshi anamwachia mkono, anasimama.

Haelekei sebuleni. Anapita jikoni, mlango ule ule wa mwaka jana, anavuka majani, na Fébronie nyuma yake. Watoto wanampisha. Anafika kwenye miti, anazunguka nyuma ya wavu, anasimama kati ya klauni na dirisha lake. Uso wa mwanga unamwangukia kichwani, meno yanampita begani. Anaviona viganja vyake vimekuwa vyekundu. Anavigeuza, anavitazama nyuma na mbele.

"Ndiyo huyu," anasema taratibu. "Kumbe hana uzito."

Kisha anayashika mapazia pale yalipoachana, anayavuta pamoja na kutikisa kichwa.

"Nani alishona hapa?"

"Mimi, Bibi."

"Hukushona. Uliyaweka jirani tu ukatumaini." Anaondoa begani pini inayobana kanga yake, anabana ufa juu. "Nyingine."

Fébronie anaingiza vidole kwenye nywele, mifukoni, kwenye ukosi. Anampa moja, anampa nyingine, machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafutia. Bibi anabana mpaka chini, akiinama kwa shida, akikataa kusaidiwa. Gichuki, kwenye maua, anamwambia mwenye nyumba kwamba mkaguzi amefika.

Ikifika saa mbili kasoro, watoto wamekwenda nyumba nyingine. Fébronie anakunja ngazi. Sebule ya jirani, ambayo imewaka taa mwaka mzima, ni nyeusi. Dirisha la chumba liko wazi nusu, nalo halina taa.

Anasema kesho asubuhi atawajibu wale wa mitaa miwili. Atayaunga mapazia kwa mshono wa mara mbili, si pini, na kabla ya kuwasha mahali popote ataomba aingie kwanza nyumba ya nyuma, akae gizani na mwenyeji. Gichuki anaona huko ni kupoteza jioni nzima. Yeye anaona ndiyo kazi yenyewe. Mpambaji mmoja wa Houston ameshauliza kama anaweza kumshonea seti za mwakani, wavu na pazia lake, na Vénant ameanza kuondoa makorokoro gereji ili cherehani ipate mahali. Akipata wateja wengine kama huyo, hotelini ataaga.

"Nataka Ella aninuse nikirudi, asisikie dawa," anasema.

Anafunga mlango wa nyuma wa gari. Halafu anaufungua tena, anazipapasa nyavu kwa mkono hadi mwisho, kuhakikisha. Siku hizi haondoki bila kufanya hivyo.

Kutoka dirishani sauti inamfikia, imeshalemewa na usingizi.

"Mwanangu. Huko barabarani, punguza mwendo."